Umbali wa Watani

Zamani, kutoka Songea kwenda Bukoba ilikuwa safari ya kuaga watu. Ulipanda ndege mpaka Dar es Salaam, ukakesha kiwanjani ukiwa umekumbatia begi, kesho yake ukapanda nyingine mpaka Mwanza, na ukibahatika ya tatu ikakushusha Bukoba huku hamu ya hicho ulichokifuata imekwisha. Kama ingekuwepo ndege ya moja kwa moja, ingekata kilomita elfu moja mia moja na ushee, na ingekaa angani zaidi ya saa mbili. Haikuwepo. Nani angeijaza?

Kisha likaja kunjo, na miji ile miwili ikawa majirani. Sasa Kordula Ngonyani aliweza kubandika maharage jikoni kwake Songea, akavaa sare, akaenda kiwanjani, akalishika kunjo lisifunguke. Ndege iliondoka, ikatua Bukoba, ikarudi, na Kordula alifika nyumbani maharage yakiwa bado yanachemka. Sato wa ziwani waliliwa Songea wakiwa wabichi. Mume wake, Mutalemwa, alifundisha hesabu Bukoba mchana na kula ugali Songea jioni, na hakuna aliyeona ajabu. Binadamu huzoea muujiza upesi kuliko anavyozoea viatu vipya.

Kordula alikuwa mkunjaji. Kazi yenyewe aliwahi kumweleza mama mkwe wake, mwanamke wa Kihaya asiyekubali jambo nusunusu, aliyekuja kumtembelea na kutaka kujua ni uchawi gani uliomfikisha kabla chai yake ya asubuhi haijashuka tumboni.

"Nipe kanga yako, mama," Kordula alimwambia. Akaitandaza mezani, akazivuta pindo mbili zikakutana. "Hapa Songea, hapa Bukoba. Ndege inavuka hapa zilipogusana. Tunapaita mshononi."

"Na kitambaa cha katikati? Mmekikata?"

"Hakikatwi. Umbali haufi, mama, unahamishwa tu. Kile cha katikati kinaning'inia."

"Kinaning'inia wapi?"

"Porini. Tumekilaza kusini ya Tabora, pasipokaa mtu."

Mama mkwe aliinama kutazama chini ya meza, kanga ilipokuwa ikining'inia. "Mbona kwangu kimeangukia miguuni?" akauliza. Kordula alicheka, akamkunjia kanga yake vizuri, akamrudishia. Lakini swali lile lilimganda.

*

Kulikuwa na sauti mshononi. Ndege ilipofika pale katikati, kwa muda wa kusema maneno machache tu, redio yake ilinasa mtu aliyekuwa chini porini. Alikuwa mwanamke, na alikuwa na mdomo.

"Ninyi Wangoni!" alisema siku ya kwanza. "Babu zenu walituibia ng'ombe. Sasa mmeona hatuna cha kuibiwa, mnatuletea mzigo! Chukueni umbali wenu!"

Kapteni Komba, rubani, Mngoni wa kuzaliwa, alijua papo hapo anayeongea naye. Wanyamwezi! Watani! Wangoni na Wanyamwezi walipigana zamani, na vita vilipokwisha ukabaki utani, na mtani akikutukana humjibu kwa ngumi, unamjibu kwa tusi bora zaidi.

"Mnyamwezi akipewa mzigo hushukuru," Komba alijibu. "Si kubeba ndiyo kazi yenu?"

Kuanzia hapo ikawa burudani ya kiwanja kizima. Wahudumu waliisubiri saa ya chai. Kila siku Kalunde, ndilo jina alilojitaja, aliwaambia Wangoni wachukue umbali wao, na kila siku Komba alimpa jibu jipya. Hata Kordula alimtungia Komba majibu mawili matatu, na moja lilimfanya Kalunde akate redio kwa kicheko. Au alidhani ni kicheko.

Mpaka asubuhi moja sauti ilikuja bila tusi.

"Komba, leo sina matusi. Tumbo la mkwe wangu limeshuka. Zahanati imekuwa mbali. Chukueni umbali wenu."

"Mwambie azae Mngoni," Komba alisema, "atatoka anatembea mwenyewe!"

Chumba kizima cha wakunjaji, walikosikiliza redio, kiliangua kicheko. Kordula peke yake alibaki na kikombe mkononi. Alikulia kwa bibi yake, na bibi yake alikuwa mtani hodari, mwenye kulala kwenye kaburi la watu na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Bibi alimfundisha kuwa mtani hutania kifo, hutania mahari, njaa na upara. Mimba hataniwi nayo mtu. Mimba hata jirani haambiwi, inasubiriwa ijioneshe. Mwanamke anayetangaza mimba ya mkwe wake hewani hatanii. Ameishiwa.

Alimfuata Mhandisi Haule, mkuu wao.

"Mhandisi, pale tulipolaza kunjo, kuna watu?"

"Hakuna paa hata moja. Setilaiti imepiga picha ukanda wote."

"Na njia je, kuna wanaopita?"

Haule alimtazama kama aliyeulizwa rangi ya upepo. "Kordula, hakuna aliyeniagiza nihesabu wapitaji. Na urefu wa ardhi tumeupima kutoka juu, uko vilevile."

"Kutoka juu kunjo halionekani. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Watani zetu wanakuchezea, dada. Nenda kanywe chai."

Hakwenda kunywa chai. Aliomba likizo.

Asubuhi ya safari alivuka pamoja na Mutalemwa kama abiria, zamu yake ikishikwa na mwenzake. Walipotua Bukoba, mume wake alimshika mkono pale kwenye lango.

"Unakwenda kutafuta nini hasa?"

"Umbali."

"Ukiupata usiulete nyumbani," Mutalemwa alisema, akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Nasema kweli, mama. Kunjo likifunguliwa, mimi nakuwa mume wa Krismasi na Pasaka. Kazi yangu iko huku, yako iko kule. Lifikirie na hilo."

Kordula alilifikiria njia nzima ndani ya basi, hadi Tabora, na hakupata jibu alilolipenda.

*

Kalunde alikuwa amekitaja kijiji chake redioni, Mgandila, na Kordula alimtumia habari kuwa anakuja. Kutoka mjini bodaboda ilimfikisha kwenye zahanati ya Mkola, jengo la bati lenye ua safi, na hapo kijana wa pikipiki akazima.

"Mgandila ni huko mbele," alisema, "lakini mimi siendi. Pale kati panakunywa petroli."

"Panakunywaje?"

"Unajaza tangi, unaishia porini, unasukuma. Zamani lita ilinipeleka na kunirudisha. Wenzangu wanasema kuna jini. Mimi nasema kuna jambo."

Chini ya kivuli cha ukuta alikaa mwanamke wa makamo, ndoo mbili tupu zimefungwa kwenye ncha za mzega, ule mti wa kubebea begani, na redio ya mkononi, ile ya kuitana warina asali porini, ikining'inia shingoni. Alikuwa ameleta asali kwa daktari. Alimpima mgeni kwa macho, kuanzia viatu.

"Wewe ndiye Mngoni? Mbona huna mkia?"

Sauti ile Kordula angeijua hata usingizini. "Nimeuacha nyumbani, shangazi. Niliambiwa Wanyamwezi watataka kuubeba."

Kalunde alicheka, kicheko kifupi kilichokatika mapema. "Twende. Tunawahi mazishi. Mzee Lugembe kafa, wa uzee tu, Mungu hana deni naye. Na mtani akija siku ya msiba amejileta mwenyewe kwenye kazi."

Walianza kutembea. Kalunde aliubeba mzega kwa bega la kulia, na walipofika kwenye mninga wenye alama ya shoka aliuhamishia la kushoto.

"Bega la kwanza," alisema. "Sisi warina asali hatuhesabu maili. Babu walikata alama pale bega linapochoka. Kutoka zahanati mpaka nyumbani ni mabega manne. Bega likiuma, inua macho, mti huu hapa mbele yako. Walitupimia vizuri wazee wale."

"Na sasa?"

"Sasa utaona."

Mti wa pili ulikuja mahali pake. Baada ya huo, Kordula aliona nyasi zinapungua. Hazikuwa zimekauka wala kuungua. Zilikuwa zimeachana, kama sweta lililovaliwa na mtu mnene likalegea nyuzi. Miti ilikuwa ileile ya miombo, lakini kati ya mti na mti palikuwa na weupe wa ardhi usiojua kuota kitu. Msururu wa siafu ulikatiza njia ukiwa na mapengo, kila siafu akimtafuta mwenzake. Kordula alisimama, akapiga makofi. Aliiona mikono yake ikikutana kabla sauti haijafika.

Alipiga tena. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akapiga, akasonga mbele, akapiga. Hakuweza kujizuia. Miaka yote alikuwa amekishika kitu hiki kwa vifungo na taa za mezani, na leo kilikuwa chini ya soli za viatu vyake, umbali mtupu wa Songea na Bukoba umelala kama nguo iliyoangushwa.

"Unafurahi," Kalunde alisema.

"Nashangaa, shangazi. Samahani."

"Shangaa. Mimi mwenyewe nilishangaa mwezi wa kwanza, mpaka nikawasikia redioni mkisema umbali wenu mmeulaza huku. Tazama chini sasa."

Njiani kulikuwa na nyuki. Walikuwa wamekufa, wametawanyika mmoja hapa, mmoja pale, mpaka jicho lilipoishia. Kordula alimwokota mmoja. Miguu yake ya nyuma ilikuwa bado na vifurushi vya chavua, vya manjano, vimejaa.

"Wanatoka mzingani wakijua kwao na kwenye maua ni mbali kiasi gani," Kalunde alisema. "Wanakula asali ya kuwatosha kiasi hicho. Kisha njia inawazidi."

Alihamisha mzega, bila mti, katikati ya hapo peupe, maana bega lilikuwa limeuma zamani. Baadaye akauhamisha tena, na tena. Kordula aliacha kuhesabu.

"Mwaka huu mke wa jirani yetu Maganga alishikwa na uchungu," Kalunde alisema bila kumtazama. "Tulimbeba. Alizaa hapa hapa tunapokanyaga. Yeye tulimfikisha. Mtoto hatukumfikisha. Na huyu wangu, Nyamizi, ndiye anafuata. Nimewaambia kila siku. Nimewatukana kwa matusi yote ninayoyajua. Mnacheka tu."

Kordula alimtia nyuki yule mfukoni, akaendelea kutembea.

*

Mazishi waliyakuta yamechelewa. Makaburi ya Mgandila yalikuwa ukingoni mwa ukanda ule, na waombolezaji waliokuwa wamebeba jeneza walikuwa wameimba wimbo mpaka mwisho, wakaurudia, wakahamia wa pili, wakaumaliza, na bado hawajafika. Mwenye kuanzisha nyimbo alikuwa amekaukiwa. Waliishia kuimba nyimbo za kuvuna asali, na marehemu, ambaye inasemekana hakupenda kanisa, labda alifurahi.

Mara jeneza liliposhushwa, habari ilienea kuwa kuna Mngoni. Watu walichangamka. Kina mama walimmwagia majivu kichwani, mzee mmoja akamkabidhi jembe, na Kordula akafukia kaburi huku akiambiwa kuwa anachimba kama anayetafuta panya. Ndivyo inavyopaswa. Mtani huja kubeba kazi ya msiba na kuwachekesha waliofiwa, wapate kupumua.

"Mtani, sema!" waliita. "Sema kitu, mzee aondoke na kicheko!"

Kordula alisimama juu ya udongo mpya. Kati ya wanawake alimwona msichana mwenye tumbo kubwa lililoshuka, ameegemea mti, jasho limemtoka, na akajua bila kuambiwa kuwa ndiye Nyamizi.

"Nitasema kweli," alianza. "Njia yenu niliirefusha mimi."

Walianza kucheka.

"Mimi ndiye ninayelishika kunjo la ndege. Kila asubuhi. Umbali wote wa Songea na Bukoba nimeutupa hapa, kwenye njia yenu ya zahanati, ili mume wangu awahi ugali."

Kicheko kililipuka. Mzee wa jembe alikaa chini, akapiga paja. Mjane wa Lugembe, aliyekuwa hajatabasamu tangu msiba uanze, alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. "Awahi ugali!" walirudia. "Jamani Wangoni! Awahi ugali!"

"Sitanii!" Kordula alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Nasema kweli!"

Wakacheka zaidi, maana hilo ndilo linaloukoleza utani.

Kalunde peke yake hakucheka. Alimtazama Kordula, na macho yake yalikuwa na huruma ya mtu anayeijua njia hiyo kwa kuitembea. "Sasa umejua," alisema taratibu. "Kusema kweli ukachekewa."

Hapo ndipo Nyamizi alipochuchumaa chini ya mti, ameshika kiuno, akaita jina la mama yake.

Kicheko kilikatika. Wanaume wanne walikwenda mbio kuleta machela. Wanawake walimzunguka, mmoja akatoka na uso uliobadilika: damu ilikuwa imetangulia. Hapo Mgandila hapakuwa na dawa ya hilo. Dawa ilikuwa Mkola, mabega manne ya zamani, na ya sasa hakuna aliyejua mangapi.

Kordula alitazama juu. Ndege ya alasiri kutoka Bukoba ilikuwa karibu kuvuka mshono. Ilikuwa na Kapteni Komba, na abiria waliokuwa wamepanga kuwa nyumbani muda si mrefu, na Mutalemwa.

Mkunjaji ana ruhusa ya kuachia kunjo wakati wowote, kwa sauti yake, kutoka redio yoyote. Sheria iliwekwa kwa ajili ya ndege itakayopata shida mshononi. Hakuna aliyewahi kuitumia. Na kunjo likishaachiwa, kulikunja upya ni kazi ya miezi, na mahali pa kulilaza panatafutwa upya. Haule hangemsamehe. Songea nzima haingemsamehe. Mume wa Krismasi na Pasaka, huenda angemsamehe, lakini kwa barua.

"Shangazi, nipe redio."

Kalunde aliivua shingoni. Ikakoroma, kisha sauti ya Komba ikaja, tayari ina kicheko: "Wanyamwezi, mpo? Leo mmenitungia nini?"

"Kapteni, ni Kordula. Mafuta umejaza ya safari nzima?"

"Kordula! Wamekufundisha na wewe kunichokoza? Nimejaza, sheria ni sheria. Kwa nini?"

"Waambie abiria wafunge mikanda." Alivuta pumzi. "Mimi, Kordula Ngonyani, mkunjaji wa Songea, naachia kunjo."

"Aa, mtani, usi..."

Hakukuwa na kishindo. Palitokea tu kitu kama pumzi ndefu, nyasi zote zikalala upande mmoja na kuinuka, na masikio ya kila mtu yakaziba na kuzibuka. Siafu walikutana. Na juu, mahali ambapo siku zote palikuwa na mmweko mmoja tu uliotoweka, ilikuwepo ndege. Ndege nzima, ndogo, nyeupe, inanguruma, inasogea polepole kama isiyo na haraka ya kufika popote. Watu wa Mgandila walisimama na machela mikononi wakiitazama.

"Kordula," redio ilisema. Hapakuwa na kicheko tena ndani yake. "Kordula, Songea iko wapi?"

"Ilipokuwa siku zote. Shika kusini mashariki, utaiona jua likielekea kuzama."

Kisha: "Mumeo yuko hapa nyuma yangu. Anauliza, chakula kitapoa?"

Aliifuata ndege kwa macho.

"Mwambie kitapoa."

Akamrudishia Kalunde redio, akashika pembe moja ya machela, maana kazi ya msiba ni ya mtani na kazi ya uzazi ni ya kila mwenye bega. Waliondoka nusu wakikimbia. Nyamizi alikuwa akilia kwa sauti ndogo. Walipouingia ukanda, hakuna aliyethubutu kutazama chini. Kordula alitazama mgongo wa Kalunde mbele yake. Mti wa machela ulimkata begani, ukamkata zaidi, mpaka akaona hawezi hatua nyingine, akainua macho kumwomba Kalunde wasimame.

Mninga wenye alama ya shoka ulikuwa mbele yake.

Kalunde aliugusa kwa kiganja, kama mtu anayemgusa ndugu aliyerudi kutoka mbali. Alikuwa analia.

"Badili bega, mtani," alisema. "Tunawahi."